Kufungua uwanja wa gofu baada ya masika: tutangulize kazi gani, na wanachama tuwaambie nini?

Bi Katibu

Ndugu wanajukwaa, hamjambo? Ninaandika nikiwa katibu wa kamati ya uwanja katika klabu ndogo ya gofu yenye mashimo tisa, upande wa kaskazini wa Mombasa, mahali ambapo upepo wa bahari hufika bila kizuizi. Tangu masika yalipokolea tumefunga mashimo manne ya bondeni, yaani la nne hadi la saba, na matano yaliyobaki tumekuwa tukiyafungua na kuyafunga kulingana na mvua ya usiku uliotangulia. Sasa mvua imeanza kupungua. Nyasi za rafu (pembezoni mwa njia ya kuchezea) zimefika magotini, banka mbili (mitego ya mchanga) zimebomoka kingo, na grini ya sita, yaani sehemu ya nyasi fupi sana lilipo shimo, imefunikwa na utelezi wa kijani ambao wengi katika kamati hawajui hata ni kitu gani.

Mvutano uliopo katika kamati ni wa tarehe. Mwenyekiti angependa uwanja mzima ufunguliwe kwa mashindano ya Madaraka, tarehe 1 Juni, kwa kuwa wadhamini wamekwisha kuahidi zawadi. Mtunza uwanja wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, anasema grini za bondeni haziko tayari, na akiulizwa zitakuwa tayari lini hujibu, "Zikikauka." Huenda jibu hilo ni sahihi kabisa, lakini siwezi kuwapelekea wanachama likiwa vivyo hivyo.

Wanachama nao wana haki ya kulalamika. Tunalo kundi la WhatsApp, ila tangazo la uwanja likitumwa alfajiri, ikifika saa nne limekwisha kuzikwa chini ya rambirambi, salamu za Ijumaa na picha za samaki waliovuliwa wikendi. Matokeo yake, watu humpigia simu askari wa langoni, naye huwaeleza hali kama anavyoiona kutoka langoni, yaani shimo la kwanza peke yake, ambalo halijawahi kutuama maji tangu nijiunge na klabu.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu juu ya mpangilio wa kazi za ufunguzi, juu ya vipimo vinavyoweza kuonyesha kwamba grini iko tayari bila kutegemea neno la mtu mmoja, na juu ya namna ya kuwapasha wanachama habari ili waache kumtegemea askari. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Grini

Bi Katibu, salaam. Nimetunza viwanja vya gofu hapa Pwani kwa muda mrefu, na naanza kwa kumtetea mtunza uwanja wenu: amesema kweli. Kinachobaki kwa kamati ni kulifafanua jibu lake kwa vipimo ambavyo hata mwenyekiti anaweza kwenda kuvikagua akiwa amevaa kanda mbili.

Kazi ya kwanza ni maji, na mashine yoyote isiwashwe bondeni kabla maji hayajapata njia. Tembeeni bonde lote wakati mvua inanyesha, wala msingoje kesho yake, ili muone maji yanaingilia wapi na yanakwama wapi. Ardhi yetu ya matumbawe kwa kawaida hunywa maji haraka, lakini bondeni hujikusanya tope laini lililosombwa kutoka juu, likaweka utando unaozuia maji kupenya. Na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mfereji ni mzima ila mdomo wa bomba umezibwa na makuti na mchanga. Mnapozibua, waambieni vijana waokote pia vifuu vyote vya nazi vilivyotapakaa chini ya minazi, kwa sababu kifuu kimoja chenye maji ya mvua kinatosha kuzalisha mbu wanaoeneza homa ya dengi, na mji huu unaijua homa hiyo vizuri. Halafu itisheni mkwezi aangue nazi zote na kuondoa makuti makavu kabla mchezaji hajaruhusiwa kupita chini yake. Mvua na upepo wa kusi hulegeza vikonyo, na nazi haina adabu ya kungoja mtu amalize kupiga mpira wake.

Baada ya hapo njooni kwenye grini mkiwa na kisu kirefu au kitoboleo. Toeni kipande cha udongo cha kina cha sentimita 10 katikati ya grini na kingine sehemu iliyo chini zaidi, mkitazame na kukinusa. Mizizi myeupe inayokwenda chini ni habari njema. Mizizi ya kahawia iliyoishia sentimita mbili au tatu, pamoja na mstari mweusi unaonuka kama yai viza, maana yake ni kwamba udongo umekosa hewa na gesi ya salfa imejikusanya humo. Grini ya namna hiyo ikikanyagwa na watu hamsini siku ya mashindano, mtaililia hadi vuli. Utelezi wa kijani mlio nao katika grini ya sita ni mwani, nao huota pale nyasi zilipodhoofika, maji yalipobaki juu na jua halipati nafasi. Kuukwangua peke yake hakusaidii. Ukaushwe, upasuliwe kwa reki nyepesi, grini itobolewe matundu, na matawi ya mti unaoitia kivuli yapunguzwe.

Suala la jua watu wengi hulisahau. Baridi yetu ya Juni na Julai si baridi ya kuzuia nyasi kukua, lakini wiki nyingi za mawingu huzinyima mwanga, na ukoka, ambao ndio uliopandwa katika viwanja vingi vya zamani, haupendi kivuli hata kidogo. Kwa hiyo mvua ikikoma leo, nyasi hazitarudia nguvu zake kesho. Zinahitaji siku za jua, na siku hizo hakuna kamati inayoweza kuzipitisha kwa kura.

Kwa upande wa kukata, kuna kanuni moja ambayo ingefaa iandikwe ukutani katika banda la mashine: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Rafu ikiwa na milimita 90, mkato wa kwanza uishie milimita 60, nyasi zipumzike siku chache, kisha mshuke hadi 40. Mkizifyeka mara moja hadi chini ili uwanja uonekane nadhifu kwenye picha, mtabaki na vikonyo vya kahawia ambavyo vitachukua wiki kadhaa kutoa majani mapya. Grini nazo, kama mlizipandisha hadi milimita 6 wakati wa mvua, zishusheni kwa hatua ndogo ndogo. Wanachama watalalamika kwamba mpira hauendi. Waache walalamike, mpira unaokwenda polepole haujaua grini yoyote. Na visu vinolewe kwanza, kwa kuwa kisu butu huchana jani badala ya kulikata, na jani lililochanika ni mlango wa magonjwa.

Grini zikishakuwa na nguvu ya kustahimili, zitobolewe matundu ya kina cha sentimita 8 hadi 10, mjaze mchanga, na hapa nawasihi sana juu ya mchanga. Usichukuliwe wa ufukweni. Una chumvi, na sehemu yake kubwa ni vipande vya makombe na matumbawe, jambo linaloongeza chokaa katika udongo ambao tayari umejaa chokaa. Kuna jaribio rahisi: weka mchanga kijiko kimoja katika kikombe, umiminie siki. Ukitoa povu, mrudishie aliyekuuzia.

Mvua imewafanyia hisani moja, nayo ni kuosha chumvi iliyojilimbikiza wakati wa kaskazi mlipokuwa mkimwagilia maji ya kisima. Lakini imeosha pia naitrojeni na potasiamu, ndiyo sababu nyasi zina rangi ya manjano. Tieni mbolea kidogo kidogo, si gunia zima kwa siku moja. Salfeti ya amonia inafaa katika udongo wenye chokaa. Kama majani ni ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani, tatizo huenda ni madini ya chuma, ambayo yamo udongoni ila chokaa inayazuia, na dawa yake ni kuyapulizia moja kwa moja juu ya majani. Pimeni udongo kabla ya kununua chochote. Maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hufanya kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mbolea isiyohitajika. Msisahau pia kwamba kusi bado inavuma: mashimo yanayotazama bahari hurushiwa mvuke wa chumvi, na asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali inafaa kuyaosha kwa maji safi.

Jambo la mwisho upande wangu ni viwavijeshi, ambao hupenda nyasi changa zinazochipua baada ya mvua. Mkiona ndege wamejazana mahali pamoja wakidonoa, changanyeni sabuni ya maji katika ndoo ya maji, mmimine juu ya eneo la kama mita moja ya mraba na mngoje dakika chache. Kama wamo, watapanda juu wenyewe. Mkilazimika kupulizia dawa, iwe iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, mfuate muda wa kutoingia ulioandikwa kwenye lebo, na muda huo uwafikie wanachama na makedi (wabeba mikoba ya wachezaji) pia, kwa sababu makedi ndio hukanyaga nyasi zile wakiwa na viatu vilivyotoboka.

Sasa kipimo ulichoniomba. Mtu mzima akanyage kwa kisigino sehemu ya chini kabisa ya grini asubuhi, kabla jua halijawa kali. Maji yakijitokeza katika alama ya kisigino, grini imefungwa siku hiyo. Yasipojitokeza asubuhi tatu mfululizo, na mizizi katika kipande kilichotolewa ikiwa myeupe, ifunguliwe. Kipimo hicho kinaeleweka na kila mtu, na hakihitaji uaminifu wa mtu mmoja.

Mchezaji wa Alfajiri

Mzee ameeleza ya udongoni. Mimi ni mwanachama wa kawaida katika klabu nyingine, ninaishi Likoni, na nitaeleza upande wa yule anayengojea habari.

Anayeishi ng'ambo huamua kwenda au kutokwenda kabla ya kupanda feri. Akifika klabuni saa moja na kukuta kamba imefungwa, hasira yake haihusu nyasi, inahusu foleni ya kivuko aliyokwisha kuipanga na atakayoipanga tena kurudi. Kwa hiyo saa ya kutoa habari ina uzito kuliko urefu wa habari yenyewe. Kwetu taarifa hutoka kila siku saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, iwe kuna badiliko au hakuna, na huandikwa kwa mtindo uleule, hivi:

"Uwanja, Jumanne 12:20 asubuhi. Wazi: 1, 2, 3, 8, 9. Grini za muda: 4, 7. Zimefungwa: 5, 6, maji. Vigari: hapana. Habari ijayo: saa 10 jioni."

Nimetumia namba za mashimo yenu, Bi Katibu, ili uone inavyoweza kukufaa. Inatosha katika ujumbe mfupi mmoja wa simu wenye herufi 160, hivyo humfikia hata mzee asiyekuwa na intaneti. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya mwisho. Mtu akijua kwamba saa kumi jioni ataambiwa tena, hana sababu ya kupiga simu saa tano. Pale inapokosekana ahadi hiyo, kimya cha kamati hujazwa na uvumi, na uvumi wa klabuni siku zote husema kwamba mwenyekiti na rafiki zake wamecheza mashimo yaliyofungwa.

Nikiongeza jambo moja juu ya hilo: msiwaruhusu kweli. Siku ambayo mwanakamati mmoja ataonekana akipiga mpira ndani ya kamba, matangazo yenu yote yatakuwa karatasi.

Mara moja kwa wiki, labda Alhamisi, toeni taarifa ndefu kidogo yenye picha. Piga picha ya grini ya sita ukiwa umesimama palepale kila wiki, uwaonyeshe pia kile kipande cha udongo chenye mstari mweusi ambacho Mzee amekieleza. Wengi wetu hatujawahi kuona kilicho chini ya grini. Mimi nilipoonyeshwa mizizi iliyooza mkononi mwa mtunza uwanja wetu, niliacha kuuliza tarehe nikaanza kuuliza hali ya mizizi.

Fundi Nyasi

Naomba nichangie kutoka upande mwingine wa dunia. Nilitunza nyasi katika uwanja mmoja wa Scotland kwa misimu kadhaa kabla ya kurejea nyumbani Kisauni, na ufunguzi wa majira ya kuchipua kule unafanana na huu wenu kwa namna ambayo inaweza kumsaidia mwenyekiti.

Kule adui ni jalidi. Maji yaliyo ndani ya jani huganda, na mtu akikanyaga jani hilo, kuta za chembechembe zake hupasuka. Mchana jua likitoka unaziona nyayo zake zimechorwa kwa rangi ya kahawia kutoka tii (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) hadi grini, kila mtu akijua nani alipita. Wakati mbaya zaidi ni pale baridi inapoanza kuachia: sentimita chache za juu zimelainika ilhali chini kungali kumeganda, maji hayana pa kwenda, na mizizi hukatika mchezaji anapogeuza mguu. Nyasi zenyewe huanza kukua kwa uhakika udongo unapopita nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Tarehe kwenye kalenda haijalishi, kipimajoto cha udongo ndicho kinachofungua uwanja, na kila mwanachama amekulia katika utaratibu huo. Asubuhi yenye jalidi watu hunywa chai klabuni na kungoja, bila kumpigia simu yeyote.

Hapa Mombasa hatuna jalidi, na nyasi zetu hazilali usingizi wa miezi minne, kwa hiyo si sahihi kuiga kalenda yao wala dawa zao. Kinachofaa kuigwa ni ile desturi ya kuamua kwa kipimo kilichotangazwa mapema. Klabu ya kisiwani ilianzishwa mwaka 1911, maana yake gofu imekwisha kupitia masika zaidi ya mia moja katika mji huu. Sioni kwa nini kila mwaka tunajadili mvua kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Kuhusu mwenyekiti anayeona aibu kufunga, mwambieni kwamba Old Course ya St Andrews, ambayo wachezaji wa dunia nzima huiota, kwa kawaida haichezwi gofu Jumapili ili ipumzike, na wenyeji hutembea humo na mbwa wao. Augusta National kule Georgia, yanakochezwa mashindano ya Masters tangu 1934, hufungwa miezi yote ya joto hadi majira ya vuli ya Marekani. Klabu hizo hazikosi fedha wala heshima.

Mzee, nina swali dogo kwako. Umezungumzia ukoka, je, kwa grini zinazopata mvuke wa chumvi, hudhani ingefaa wafikirie nyasi za paspalamu ya pwani hatua kwa hatua? Inastahimili chumvi kuliko ukoka, na maji ya visima vya karibu na bahari hayazidi kuwa matamu.

Mzee wa Grini

Fundi, ni kweli inastahimili chumvi, na kwa uwanja mpya ningeichagua bila kusita. Lakini kubadili nyasi katika uwanja unaochezwa ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi, na paspalamu ina tabia zake: hutaka mbolea kidogo kuliko ukoka, hujaza mkeka mzito ikipendelewa sana, na hupata ugonjwa wa madoa ya mviringo ikiachwa na unyevu. Waanze na bustani ya majaribio karibu na banda la mashine, waitazame kusi moja na kaskazi moja. Si jambo la kuwasumbua wanachama nalo mwezi huu.

Bi Katibu

Nimewasoma wote kwa makini na nawashukuru sana. Leo asubuhi tumefanya jaribio la kisigino pamoja na mwenyekiti mwenyewe. Grini ya nne na ya saba hazikutoa maji. Ya tano na ya sita zilitoa, na kiatu chake kimeingia ndani. Amekubali kwamba mashindano ya Madaraka yachezwe kwa grini za muda katika mashimo hayo mawili, mradi matokeo yawe halali.

Yamebaki maswali mawili. Kanuni zinasemaje juu ya grini za muda na maeneo yenye maji? Na je, ninaweza kuwaingiza wanachama wote katika orodha moja ya matangazo bila kuleta matatizo? Mwanachama mmoja amelalamika kwamba namba yake ilichukuliwa kutoka kundini na muuzaji wa bima.

Mwamuzi wa Pwani

Bi Katibu, nijibu la kwanza kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Maji yaliyotuama kwa muda na maeneo ambayo kamati imeyatia alama kuwa yanakarabatiwa yako chini ya Kanuni ya 16.1 ya Kanuni za Gofu: mchezaji hupata nafuu bila adhabu, akaangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka mahali pa karibu zaidi ambapo ameepukana kabisa na kikwazo, bila kusogea karibu na shimo. Alama zenu ziwe wazi. Chokaa nyeupe ya kuzungushia hufutika mvua moja ikipita, kwa hiyo tumieni vigingi na kamba, na katika karatasi ya kanuni za mashindano mwandike kwamba kila kilicho ndani ya kamba hakichezewi. Grini halisi ya tano na ya sita, zikiwa hazitumiki siku hiyo, huhesabiwa kuwa grini zisizo zako: mpira ukisimama juu yake ni lazima uondolewe, huwezi kuupiga kutoka hapo hata ukitaka. Wachezaji wengi hulisahau hili, na ndilo litakaloziokoa grini zenu.

Kwa fewei (njia za nyasi fupi kutoka tii hadi grini) zenye tope, kamati inaweza kuweka kanuni ya mahali inayomruhusu mchezaji kuinua mpira, kuusafisha na kuuweka ndani ya umbali mliouchagua, kwa mfano sentimita 15 au urefu wa kadi ya alama. Isemwe pia inaanza shimo lipi na kuishia lipi, na iondolewe mara hali itakapotengemaa, maana wachezaji wakizoea kubembeleza mpira kwa mkono hawaachi. Grini za muda zinaweza kubadili urefu wa uwanja, kwa hiyo andikieni mapema chama cha kitaifa cha gofu kuuliza kama alama za siku hiyo zitaingia kwenye handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji), na jibu litangazwe kabla ya watu kujiandikisha. Shimo la grini ya muda likatwe kwa kipimo cha kawaida cha milimita 108. Kuna klabu hukata shimo kubwa zaidi ili kuwafurahisha wageni. Ni burudani nzuri ya Jumamosi isiyo na kikombe, lakini haifai mashindano ya kuhesabiwa.

Juu ya namba za simu, huyo mwanachama ana haki. Namba ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na klabu ndiyo yenye wajibu wa kuitunza na kuitumia kwa shughuli iliyoombewa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huficha namba za wengine, ila orodha moja hupokea watu 256 tu, na ujumbe haumfikii asiyekuwa na namba ya klabu katika simu yake. Ndiyo sababu baadhi ya wanachama huapa kwamba hawajaambiwa, nao husema kweli. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, huficha namba za wafuasi na hakuna anayeweza kujibu humo, hivyo salamu za Ijumaa na samaki watabaki kule kwenye kundi la zamani. Kwa klabu yenu ningeanzisha chaneli, niongeze ujumbe mfupi wa simu kwa wazee, na nibandike karatasi ileile langoni.

Mchezaji wa Alfajiri

Na huyo askari, mpeni nakala yake ya karatasi saa hiyohiyo ya 12:20, pamoja na maelekezo kwamba akipigiwa simu aisome kama ilivyo bila kuongeza. Mpeni na kiongozi wa makedi. Makedi hutoka majumbani saa kumi na moja, hulipwa kwa siku wanayobeba mikoba, na mashimo yakifungwa wao ndio hupoteza nauli ya matatu kabla ya mwanachama yeyote kupoteza kitu. Wakiambiwa jioni iliyotangulia kwamba kesho hakuna mchezo, mnaweza pia kuwaajiri baadhi yao kwa siku hizo kujaza mchanga katika alama za fimbo na kuzoa tope kwenye banka, kazi ambayo mtunza uwanja wenu hataimaliza peke yake kufikia tarehe 1.

Bi Katibu

Hilo la makedi limepitishwa kikaoni jioni hii. Kumi na wawili wataanza kesho na banka ya nane. Taarifa ya kwanza itatoka kesho 12:20, na chaneli imefunguliwa. Mkwezi anakuja Alhamisi, kwa hiyo shimo la pili na la tatu yatafungwa kuanzia saa mbili hadi saa sita mchana, nami nimeliandika hilo katika taarifa ya leo jioni.